Krevete za dola au sambaza za soko la Kadutu: madini ya mama mjamzito yatoke wapi?

Swali: “Jambo Docta. Niko na mimba ya miezi mitano, ni ya pili. Wifi yangu anayeishi Brussels kila akipiga simu ananiambia mtoto hatakuwa na akili kama sili vitu vya baharini: krevete, chaza, kome, kwa sababu ya madini. Ametuma na chupa ya vidonge vya chaza. Mume wangu ameona krevete za barafu katika duka moja hapa Bukavu. Ziko bei sana, na tukizinunua kila Jumamosi itabidi tupunguze sambaza za katikati ya juma. Nyumbani tunakula fufu, maharagi, sombe, sambaza mara tatu ao nne kwa juma, nyama ni siku za sikukuu. Je, tunakosa kitu? Niache sambaza ninunue krevete? Na hivi vidonge nimeze?”

Mama, jibu la Jumamosi kwanza, maana najua baba anasubiri: msipunguze sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa ajili ya krevete, wale ambao watu wa pwani huwaita kamba. Vidonge viache kabatini hadi ufike mwisho wa barua hii. Halafu usimkasirikie wifi. Katika yale anayosema kuna jambo la kweli kabisa, ila amelifunga pamoja na mambo mengine ambayo si ya kweli, nami itabidi nilifungue fundo pole pole.

La kweli ni hili: baadhi ya wanyama wa baharini wenye gamba wamejaa madini kuliko karibu chakula chochote kingine. Chaza ndiye anayeongoza. Gramu 85 za nyama yake mbichi, yaani chaza sita hivi wa kawaida wa pwani ya mashariki ya Marekani, zina karibu miligramu 32 za zinki. Nyama ya ng’ombe iliyoiva, ambayo sisi tunaihesabu kuwa chakula cha nguvu, ina miligramu tano au sita tu kwa gramu 100. Kome naye akipikwa hutoa chuma kama miligramu 6 au 7 kwa gramu 100, na vitamini B12 mara kadhaa ya ile unayohitaji kwa siku. Sababu yake si muujiza. Chaza na kome hukaa mahali pamoja wakichuja maji mchana na usiku, na kila kilichomo majini, kizuri na kibaya, hupita ndani ya miili yao na kingine hubaki. Hilo “kibaya” tutalirudia.

Sasa angalia dukani kwenu kuna nini. Hakuna chaza. Hakuna kome. Kuna krevete, na krevete ni mnyama mwingine. Watu huwaweka wote katika mfuko mmoja wa “vitu vya baharini” kana kwamba mbuzi na kuku ni nyama moja kwa vile wote wanafugwa. Gramu 100 za krevete waliopikwa zina protini safi sana, kama gramu 24, na madini yaitwayo seleni ya kutosha, lakini zinki ni miligramu moja na nusu hivi, na chuma karibu nusu miligramu. Sahani ya maharagi ya gramu 200 yaliyochemshwa inakupa chuma kama miligramu 4 na zinki kama 2. Ni kweli mwili hunyonya chuma cha maharagi kwa shida kuliko kile cha mnyama, lakini hata ukikata nusu, krevete hawajashinda. Kwa hiyo wifi anasifu chaza, na mume anataka kulipia krevete. Ni kama mtu anayeitiwa ng’ombe halafu analetewa pembe.

Nikiwa kwenye hesabu, niruhusu nitoke njiani kidogo, maana namba za chakula zina tabia ya kudanganya hata sisi tunaozifundisha. Kuna wanyama wadogo wa gamba wanaoishi ndani ya mchanga wa pwani, Wafaransa huwaita “palourdes”. Kwa miaka mingi majedwali ya lishe ya Marekani yaliandika kwamba gramu 100 zao zilizopikwa zina karibu miligramu 28 za chuma, na vitabu vya lishe dunia nzima vikanakili. Baadaye vipimo vikarudiwa, jedwali likasahihishwa, na namba ikashuka hadi chini ya 3. Chuma kikubwa namna ile hakikuwa cha kutegemea, na mnyama anayelala katika tope ni rahisi kubeba tope hadi maabara. Nakutajia hili kwa sababu tuna jambo kama hilo hapa kwetu: sambaza zilizoanikwa chini, juu ya udongo. Ukizipeleka maabara unaweza kupata chuma cha kushangaza, lakini ni chuma cha vumbi, tumbo halikitaki. Nunua zilizoanikwa kwenye turubai au kichanja, na zioshe. Ukisikia mchanga kwenye meno, hayo si madini.

Basi tuje kwa sambaza yenyewe, ambayo naona haipewi heshima kwa sababu imezoeleka.

Sambaza si mzaliwa wa Kivu. Ilitolewa ziwa Tanganyika na kumwagwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo tabaka la juu la ziwa letu, katikati, lilikuwa karibu halina samaki wa kuvuliwa, na chini zaidi hakuna hewa ya kumtosha samaki, ni gesi tupu. Leo wale wavuvi unaowasikia wakiimba jioni, na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja na miti mirefu iliyotoka kama ndevu za mende, wanafuata samaki huyo huyo kwa taa. Ni wa ukoo wa sardini. Ukitaka kujua ana nini, fikiria ile sardini ya kopo inayoliwa na mifupa yake: gramu 100 zina kalsiamu kama miligramu 380, chuma karibu 3, zinki zaidi kidogo ya 1, na vitamini B12 mara tatu ya mahitaji ya siku. Sambaza ikikaushwa maji yanatoka na kila kitu kinakusanyika, kalsiamu hupita miligramu 1,000 kwa gramu 100, kwa sababu unatafuna mifupa. Mtu anayekula samaki mkubwa hutupa mifupa, na pamoja nayo hutupa karibu kalsiamu yote.

Hapa ndipo ninapogombana na akina mama wa mjini. Wengine siku hizi wanakata vichwa vya sambaza na kutoa matumbo, eti ni ustaarabu. Sehemu kubwa ya vitamini A ya samaki mdogo iko machoni na kwenye ini, na chuma na zinki ziko kwa wingi kwenye viungo vya ndani. Ukitoa vichwa na matumbo unabakiwa na kiwiliwili cha ustaarabu. Zioshe vizuri, zikaange au zipike na nyanya hadi ziwe laini, na uzile nzima. Kwa mtoto wako wa kwanza saga zilizokauka ziwe unga, umwekee kijiko kwenye uji au kwenye sombe, yale majani ya muhogo, hatagundua hata. Majira sambaza zinapokuwa adimu sokoni, ndagala za Uvira, samaki wadogo wa Tanganyika, zinafanya kazi ileile.

Umeuliza kama mnakosa kitu. Ndiyo, huenda mnakosa kitu, lakini nadhani si kile ulichokuwa unafikiri. Kwanza zinki.

FAO, shirika la chakula na kilimo, na Shirika la Afya Duniani walipoandika mahitaji ya zinki mwaka 2004, hawakuandika namba moja. Kwa mama aliye katikati ya mimba, kama wewe sasa, waliandika tatu: miligramu 4.2 kwa siku kama chakula chake kina nyama na samaki kwa wingi na nafaka zisizo na makapi, 7 kama chakula ni mchanganyiko, na 14 kama ni nafaka zisizokobolewa na maharagi karibu peke yake. Mwili ni uleule, mimba ni ileile. Kinachobadilika ni sahani. Ndani ya maharagi na mahindi kuna kitu kinaitwa fitati, ambacho mbegu hukitumia kujiwekea akiba ya fosforasi. Kikiwa tumboni mwako kinashika zinki na chuma kama mtoto aliyeshika pipi, na vyote vinatoka pamoja chooni. Kwa hiyo mama wa Bukavu anaweza kula zinki mara mbili ya mama wa Brussels na bado akabaki na pungufu.

Dawa ya fitati haiuzwi dukani, ni mambo ambayo bibi zetu waliyafanya bila kujua kemia. Loweka maharagi usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Haiondoi fitati yote, inapunguza, na pia unaokoa makaa. Ukiweza kuyaacha yachipue siku moja au mbili, vizuri zaidi. Unga wa uji ukichachushwa kidogo kabla ya kupikwa, fitati inavunjika. Na jambo kubwa: samaki kidogo au nyama kidogo katika sufuria ileile ya maharagi huongeza kiasi ambacho mwili unanyonya kutoka kwa maharagi yenyewe. Sambaza kiganja kimoja ndani ya maharagi hufanya zaidi ya hesabu yake. Sasa unaelewa kwa nini sitaki uzipunguze katikati ya juma ili ule krevete Jumamosi. Zinki haina ghala kubwa mwilini, haitunzwi kutoka Jumamosi hadi Ijumaa. Mwili unataka kidogo kila siku.

Fufu ya muhogo pia niiseme, kwa sababu nikikaa kimya utadhani ni sawa na vingine. Muhogo unashibisha, unatia nguvu, lakini kwa madini ni karibu maji matupu. Sisemi uuache, mimi mwenyewe siwezi kumaliza juma bila fufu. Changanya na unga wa mahindi au wa mtama, na kitoweo kiwe kingi kuliko tulivyozoea, kile kipande cha fufu kiwe kidogo. Maharagi nayo si yote sawa. Kuna aina zilizozalishwa ziwe na chuma zaidi, lengo lilikuwa miligramu 94 kwa kilo kavu dhidi ya 50 za maharagi ya kawaida, na zimesambazwa Kivu hii. Wakulima wanaopata mbegu kwa njia ya kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Mulungu wanazijua. Ukiwa na shangazi kijijini Kabare au Walungu, muulize. Sura yake haitakuonyesha kitu, ni jina la mbegu tu.

Pili ni iodini, Watanzania huiita madini joto. Hapa wifi ana haki kuliko anavyojua mwenyewe, na hapa ndipo ninapotaka ukae chini unisikilize.

Bahari ndiyo ghala la iodini duniani. Milima kama yetu imeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, na iodini imeteremka na maji. Kinachoota kwenye udongo usio na iodini hakina iodini, na samaki wa maji baridi ana kidogo kuliko wa baharini. Kwa hiyo ukiniuliza ni madini gani ambayo mtu wa pwani anayapata bila kufikiri na mtu wa Bukavu hayapati, nitakutajia hayo peke yake. Na kama kuna madini yanayohusu akili ya mtoto aliye tumboni, ni hayo hayo. Tezi ya shingo ya mama hutengeneza homoni kwa iodini, na ubongo wa mtoto unajengwa kwa homoni hiyo, ya mama kwanza, kisha ya mtoto mwenyewe. Ikipungua sana mtoto huzaliwa na akili iliyodumaa, wengine wakiwa viziwi, na hakuna dawa ya kurudisha.

Lakini kuna sehemu ya habari hii ambayo hatukujifunza kutoka Ulaya. Tulijifunza, na dunia ikajifunza, hapo Idjwi, kisiwa cha ziwa letu kinachotuletea mananasi. Miaka ya 1960 watafiti wa Ubelgiji waliokuwa wakifanya kazi na taasisi ya utafiti ya Lwiro, ile iliyo upande wa Kavumu, akina Delange na Ermans, waliona jambo lililowasumbua. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo. Kusini-magharibi, kisiwa kilekile, wenye rovu walikuwa wachache sana. Wakadhani kusini kuna iodini. Wakapima: pande zote mbili ilikuwa chini vilevile. Basi tofauti ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye sufuria. Kaskazini walikula muhogo zaidi. Muhogo una sianidi, na ile inayobaki baada ya kuandaa, mwili huigeuza kuwa kitu kiitwacho thiosianati ili isituue. Thiosianati hiyo ikifika shingoni inagombania mlango na iodini. Mahali penye iodini nyingi haileti shida. Mahali ambapo iodini ni haba, inafunga hata kamlango kadogo kaliokuwa wazi. Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa Lwiro, tukaonyeshwa majalada ya zamani, na mwalimu wetu akatuuliza swali hilohilo la kaskazini na kusini. Darasa zima tulijibu “maji”. Hakuna aliyesema sombe wala fufu, na sote tulikuwa tumekula fufu mchana huo.

Kwa hiyo, mama, mihogo ilowekwe kweli, siku tatu au zaidi hadi ilainike, isiharakishwe kwa sababu wateja wa unga ni wengi. Sombe itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu, na mwanzoni usifunike sufuria, ule mvuke una cha kutoka nao. Na chumvi iwe ya iodini. Chumvi iliyowekwa miligramu 30 za iodini kwa kilo hukupa mikrogramu 150 katika gramu 5, kile kijiko kidogo cha chai. Mama mjamzito anahitaji 250. Zinazobaki hutoka kwa samaki, yai, maziwa kidogo. Krevete wa Jumamosi wangeongeza kitu, sikatai, lakini hakuna mtu anayejenga nyumba kwa tofali la Jumamosi.

Chumvi hiyo huharibiwa na sisi wenyewe. Iodini hupotea taratibu kwa unyevu, jua na moto. Ile chumvi inayouzwa wazi kwenye gunia kando ya barabara, ikinyeshewa na kukauka, ikinyeshewa na kukauka, huwezi kujua imebaki na nini. Nunua iliyofungwa, yenye maandishi “iodé”, weka kwenye kopo lenye kifuniko mbali na jiko, na utie chakulani mwishoni. Tulipokuwa tukipita nyumba kwa nyumba na kile kichupa cha kupimia, tone moja juu ya chumvi na inageuka zambarau kama ina iodini, nyumba mbili za jirani zilizonunua chumvi kwa mama mmoja zilitoa rangi tofauti: moja zambarau nzito, nyingine karibu nyeupe. Ya pili ilikuwa inakaa kwenye kisahani juu ya dirisha la jikoni. Lakini usifikiri ukiongeza chumvi unaongeza akili. Kijiko kimoja kwa siku kinatosha, na ile kubu ya mchuzi nayo ni chumvi, ihesabu.

Haya, vidonge. Geuza chupa usome nyuma, si mbele. Kama imeandikwa “coquille d’huître”, umetumiwa gamba, si nyama. Gamba la chaza ni kalsiamu kabonati zaidi ya asilimia 90, ndugu wa chokaa. Zinki iliyomfanya chaza awe maarufu haimo humo kwa kiasi cha maana. Kalsiamu si mbaya kwa mjamzito anayeipata kidogo, inasaidia hata kupunguza hatari ya presha ya mimba, lakini ile ya magamba imewahi kukutwa na risasi, ile metali yenye sumu, na ikimezwa pamoja na dawa ya damu, ile yenye chuma, inakizuia chuma kisinyonywe. Kama kuna sababu ya kukupa kalsiamu, mkunga atakupa iliyosafishwa, na utaimeza saa tofauti na chuma.

Kama imeandikwa “chair d’huître”, hiyo ni nyama iliyokaushwa. Angalia kiasi cha zinki kwa siku, na kisivuke miligramu 40 pamoja na chakula, zinki ikizidi huifukuza shaba mwilini. Angalia pia seleni. Nasisitiza seleni kwa sababu ya jambo lililotokea Karawa, kule Ubangi kaskazini mwa nchi yetu, mahali palipokosa iodini na seleni kwa pamoja. Watu wenye upungufu wa homoni ya shingo walipewa seleni peke yake, kwa nia njema. Mtafiti Contempré na wenzake waliandika mwaka 1991 kwamba homoni yao ilishuka zaidi. Seleni ndiyo inayouwezesha mwili kutumia na kumaliza homoni hiyo. Wakaharakishiwa matumizi huku hawana iodini ya kutengeneza nyingine. Hakika wale walikuwa na upungufu mkubwa kuliko unaoweza kuwa nao wewe, lakini tangu nisome kazi ile sijawahi kumwambia mtu “meza tu, madini hayadhuru”.

Kuhusu krevete wenyewe, ikitokea sikukuu mkawanunua, mle kwa furaha. Ila watazame. Wametoka baharini hadi huku juu, zaidi ya mita 1,400, na umeme wetu unaujua. Krevete wakiwa wameshikana bonge moja la barafu, na theluji nene ndani ya mfuko, waliyeyuka njiani wakagandishwa tena, waache hapo. Wawe wameiva hadi katikati, wasiwe wa kung’aa. Mjamzito asile chaza mbichi hata akialikwa Brussels na wifi mwenyewe: mnyama anayechuja maji huchuja na vijidudu vya choo, na kuna sumu za mimea midogo ya baharini ambazo hata kupika hakuziui. Na kama hujawahi kula krevete maishani, onja mmoja kwanza usubiri. Kuzoea samaki hakukukingi, kinachowasha watu kwenye krevete si kile kilichomo ndani ya samaki. Hapa kuna jambo la kuchekesha: aliyewahi kuwashwa na kumbikumbi au senene awe mwangalifu, kwa sababu wadudu na krevete ni ukoo mmoja wa mbali na protini inayowasha inafanana. Ndugu zetu wa Lubumbashi wanaokula viwavi vikavu wako karibu na krevete kuliko wanavyofikiri, na kwa zinki na chuma viwavi vyao ni chakula kizuri sana, vizuri kuliko hao krevete wa barafu. Kaa wa mtoni hapa kwetu sikuhimizi. Watoto wakiwashika na kuwachoma nusu nusu wanaweza kupata mnyoo wa mapafu, kikohozi cha damu, na wakatibiwa kifua kikuu ambacho hawana.

Sikuulizwa, lakini nisipouliza mimi nitalala vibaya: vidonge vya CPN, ile kliniki ya wajawazito, unavimeza? Ile dawa ya damu, chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na asidi foliki, inakupa kwa siku moja kile ambacho kilo kadhaa za krevete hazingekupa. Choo kikiwa cheusi si ugonjwa, ni chuma kilichobaki. Ikikutapisha, meza usiku baada ya chakula. Usiimeze na chai wala kahawa. Hata wakati wa kula viache vikae mbali saa moja au mbili, tanini zake zinashika chuma vibaya sana, na najua Bukavu kikombe hufuata sahani kabla haijaoshwa. Badala yake kamulia ndimu kwenye lengalenga, yaani mchicha, au ule pera. Dawa ya minyoo waliyokupa usiirudishe nyumbani ikawe pambo, na lala ndani ya chandarua, kwa sababu minyoo na malaria hutumia damu haraka kuliko sambaza zinavyoijenga. Na kama unatafuna pemba, ule udongo wa kula, wala sikuhukumu, nusu ya akina mama ninaowaona hutafuna: acha. Udongo huo hushika chuma kama fitati, na mwingine una risasi. Hamu ya udongo mara nyingi yenyewe ni dalili kwamba damu imepungua, kwa hiyo mwambie mkunga apime hemoglobini kabla ya ziara yako nyingine.

Pesa mliyotaka kumpa mwenye duka la barafu, gaweni hivi: kiasi kwa sambaza za kuongeza kwenye maharagi ya Jumatatu hadi Alhamisi, kiasi kwa mayai, na mara moja kwa juma maini kidogo, vipande viwili vitatu tu. Maini yana vitamini A nyingi mno, na katika mimba ikizidi si nzuri, kwa hiyo yasiwe chakula cha kila siku hata mama mkwe akisisitiza.

Wifi mpigie mwenyewe kabla hajapiga. Mwambie ameokoa jambo moja, iodini, na kama anataka kutuma kitu kutoka Ulaya, kile kichupa cha kupimia chumvi hakigharimu sana na nyumba kumi za jirani zitakitumia. Vidonge vyake vikiwa vya gamba, vipeleke CPN uwaonyeshe, usivitupe mbele ya watoto. Vikiwa vya nyama, niandikie tena unitajie namba zilizo nyuma ya chupa, zinki ngapi na seleni ngapi, kabla ya kumeza hata kimoja.